Mali Bila Daftari: Fedha za Michezo katika Vyuo vya Kisumu

Lipo lalamiko moja ambalo husikika takriban kila mwaka katika vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, hasa msimu wa makongamano unapokaribia. Chama huandika barua ya kuomba nauli. Barua hupanda ngazi kutoka kwa mlezi wa chama hadi kwa dekani wa wanafunzi, na kutoka kwa dekani hadi kwa mhasibu, kisha hurudi na jibu fupi kwamba fedha za shughuli za wanafunzi zimekwisha. Papo hapo mtu husema: "Zimeliwa na mpira." Wengine hucheka, wengine hutikisa vichwa, na mjadala hufungwa. Kauli hiyo ni tamu mdomoni, lakini ina kasoro mbili. Kwanza, aghalabu anayeitamka hajaona daftari lolote. Pili, wachezaji wa mpira nao, upande wa pili wa ua wa chuo, husema kwamba fedha zao zimeliwa na muziki na drama. Yamkini wote wawili wana njaa, na kila mmoja anamshuku mwenzake kwa mlo ambao hakuna aliyeuonja.

Makala haya yanashikilia kwamba mpira si adui wa Kiswahili. Adui ni kasma isiyo na jina wala msomaji.

Kwa mintarafu ya suala hili, Kisumu ni mahali pazuri pa kuanzia, na ndani ya Kisumu, mtaa wa Milimani. Jina lenyewe linastahili kutazamwa na wanafunzi wa lugha. Ni milima pamoja na kiambishi tamati cha mahali, na karibu kila mji mkubwa wa Kenya una Milimani yake: Nairobi, Nakuru, Kitale, Kakamega. Katika miji hiyo mtaa huo ulitengwa kwa ajili ya maafisa wa kikoloni, mahali penye hewa safi na nafasi ya bustani. Milimani ya Kisumu huchekesha kidogo kwa sababu mtu akisimama pale haoni mlima chini ya miguu yake. Ardhi inateremka polepole kuelekea ziwani. Ni dhahiri kwamba jina liliacha zamani kutaja umbo la ardhi, likawa linataja tabaka. Ng'ambo ya barabara kuna Nyalenda, na mkazi wa Nyalenda haulizi milima iko wapi.

Katika ukingo huo wa ziwa ipo Nyanza Club, klabu ya wanachama iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, yenye viwanja vya tenisi na bwawa la kuogelea. Klabu za aina hiyo zina jambo moja ambalo vyuo vingeweza kuliiga bila kuiga ubaguzi wa mwanzo wao. Mwanachama hulipa ada, na kwa kuwa amelipa, huhudhuria mkutano mkuu, husomewa hesabu ya mwaka, na akiona nyasi zimekauka ilhali daftari linasema maji yamelipiwa, huinua mkono akauliza. Ni utaratibu wa kawaida mno kiasi kwamba wenyewe hawauoni kuwa fadhila.

Sasa umtazame mwanafunzi wa chuo cha ufundi katika mji huohuo. Naye hulipa. Mwaka 2018 serikali ilipoanza kuwagharamia wanafunzi wa vyuo vya ufundi kwa mgao wa moja kwa moja, karo ya mwaka iliwekwa kuwa shilingi 56,420. Kati ya hizo, shilingi 30,000 zilitoka serikalini, na 26,420 zilizosalia zikabaki kwa mwanafunzi, ambaye angeweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023 ulibadilisha hesabu hizo, lakini haukubadilisha jambo moja: ndani ya karo ya chuo huwamo sehemu ndogo inayoitwa shughuli za wanafunzi. Jina hilo ni pana kama kanzu ya kuazima. Humo ndani huingia kandanda, voliboli, pete, magongo, raga, riadha, muziki, drama, uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, sherehe ya kuwakaribisha wageni wa mwaka wa kwanza na, mwishoni kabisa, chama cha Kiswahili.

Chukua mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Chuo kina wanafunzi 3,000, na kila mmoja anatozwa shilingi 500 kwa mwaka kwa ajili ya shughuli. Kwenye karatasi hizo ni shilingi 1,500,000, na mtu anaweza kudhani kwamba chuo ni tajiri. Lakini karo hailipwi siku moja. Mkopo huchelewa, mgao wa serikali huchelewa zaidi, na wako wanaomaliza muhula wakiwa na deni. Tuseme katikati ya mwaka imeingia nusu tu, shilingi 750,000. Mashindano hayasubiri. Vyuo vya ufundi nchini vina chama chao, KATTI, ambacho huandaa michezo kuanzia maeneo hadi kitaifa, na vyuo vikuu vina chao. Kila ngazi ina ada ya kushiriki. Kisha kuna jezi, njumu, mipira na nyavu, dawa za kuchua misuli, malipo ya waamuzi, chakula cha wachezaji, posho ya dereva na ya mwalimu anayeandamana nao. Juu ya yote kuna dizeli. Anayetoka Kisumu kwenda Nairobi na kurudi amekwenda zaidi ya kilomita 600. Akiitwa Mombasa, umbali wa kwenda pekee unapita kilomita 800. Timu ikishinda ngazi ya eneo, wenzao hushangilia huku mhasibu akishika tama, maana ushindi ni safari nyingine.

Hapa ndipo siri ya lalamiko la mwanzo ilipo. Michezo hutumia fedha nyingi kwa sababu ya maumbile yake. Mshairi anaweza kutunga akiwa na kalamu na karatasi. Timu ya raga haiwezi kucheza bila wachezaji kumi na watano, wa akiba, na basi. Kusema kwamba kila chama kipewe kiasi sawa ni kuchanganya usawa na ulingano. Lakini kusema kwamba michezo ina gharama si sawa na kusema kwamba kila gharama iliyoandikwa "michezo" ilifika uwanjani. Kati ya kauli hizi mbili pana pengo, na pengo hilo hujazwa na karatasi, au hubaki shimo.

Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno la kuzingatiwa katika methali hiyo ni habari. Mali inaweza kupotea hata ikiwa na daftari. Wezi wanajua kuandika. Inachozuia methali hiyo ni kupotea kimyakimya.

Si kwamba watu wa pwani ya ziwa hawakujua kuchangia na kuhesabu. Historia yao inasema kinyume. Chama cha Luo Union kilikusanya michango ya watu wa kawaida, wengi wao wafanyakazi wa reli, wa bandari na wa majumbani katika miji ya Afrika Mashariki, na jumba la Ofafa Memorial Hall mjini Kisumu ni ushahidi uliosimama kwa mawe. Chama hichohicho kilikuwa na timu ya kandanda. Mwaka 1968 ikazaliwa Gor Mahia. Luo Union nayo ikaendelea, ikatwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Serikali ilipopiga marufuku vyama vya kikabila mwaka 1980, timu ililazimika kubadili jina ikawa Re-Union. Gor Mahia ikafika kileleni mwaka 1987 ilipotwaa Kombe la Mandela la washindi wa vikombe barani Afrika. Timu hizo zilipata uhai wake wa mwanzo kutoka kwa mchango wa mwanachama na kiingilio cha shabiki, na mchangaji alijiona kuwa mwenye mali. Lugha ya mashabiki hao ilikuwa Kidholuo kwa kiasi kikubwa, lakini walipokwenda Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha na wapinzani wao, kwa matusi na kwa utani.

Wanafunzi wa fasihi wanakijua kisa kingine cha aina hii, ingawa hakisomwi kwa jicho la fedha. Ngoma za beni zilizoenea katika pwani na bara mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na makundi yake hasimu ya Marini na Arinoti huko Tanganyika, zilikuwa mashindano ya nguo, tarumbeta na nyimbo. Zilikuwa na vyeo, wanachama na michango. Wahakiki wameandika mengi kuhusu mishororo na kejeli za nyimbo zake. Ni wachache wanaouliza nani alilipia tarumbeta. Swali hilo la tarumbeta ndilo swali la jezi.

Baada ya mchango wa mwanachama kulegea, mahali pake pamechukuliwa na mfadhili. Mfadhili si mtu mbaya, ila ana miguu. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipositisha shughuli zake nchini Kenya mwaka 2019 kufuatia mzozo wa leseni na kodi, Gor Mahia na AFC Leopards zilijikuta bila mfadhili mkuu karibu usiku mmoja. Ilikuwa mara ya pili kampuni hiyo kujiondoa katika michezo ya nchini. Ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2018, kodi ya kamari ilipopandishwa hadi asilimia 35. Kama klabu yenye mashabiki kutoka Kisumu hadi Nairobi iliyumba hivyo, timu ya pete ya chuo cha ufundi itashika wapi? Isitoshe, kwa chuo kuvalisha wanafunzi jezi yenye nembo ya kamari ni kuwatangazia wanafunzi walewale ambao baadhi yao tayari huweka mkopo wa HELB kwenye mikeka ya Jumamosi. Fedha hiyo chuo kikipewa kikatae, hata kama mipira imepasuka.

Msomaji anaweza kuuliza iwapo pana mahali ambapo chuo kidogo kimeweza kubeba michezo kwa fedha za umma na ada za wanafunzi bila kuzama. Marekani ina vyuo vya jamii, vya miaka miwili, vinavyofanana kwa mambo mengi na vyuo anuwai vya Kenya: karo nafuu, wanafunzi wa karibu, kozi za ufundi na za maandalizi ya chuo kikuu. Chama cha michezo cha vyuo hivyo, NJCAA, kilianzishwa mwaka 1938. Mojawapo ni South Plains College, katika mji mdogo wa Levelland, Texas, kilichompokea Sally Kipyego, msichana kutoka Marakwet, kabla hajahamia Texas Tech University alikosomea uuguzi. Mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, aliishindia Kenya medali ya fedha katika mbio za mita 10,000. Wakenya wengi walishangilia medali ile bila kufikiri kwamba sehemu ya ngazi yake ilikuwa bajeti ya chuo kidogo katika nyanda za Texas.

Marekani si pepo. Huko nako ada za wanafunzi hulalamikiwa, na timu hufutwa hazina inapokauka. Lakini kuna jambo moja la kujifunza, na halihitaji utajiri. Tangu mwaka 1994 kuna sheria inayokitaka kila chuo cha mseto chenye timu za mashindano, kikiwa kinapokea misaada ya serikali kuu kwa wanafunzi, kutangaza kila mwaka idadi ya wachezaji wa kiume na wa kike, matumizi ya kila upande, mapato, na mishahara ya makocha. Chuo cha jamii chenye wanafunzi wachache kinajaza fomu ileile inayojazwa na chuo kikuu chenye uwanja wa mashabiki elfu tisini. Yeyote anaweza kuisoma.

Kenya ilipotunga Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, iliunda Sports Kenya, Akademia ya Michezo, ofisi ya msajili na jopo la kutatua mizozo. Ilijishughulisha zaidi na mashirikisho na viwanja vya taifa kuliko vitabu vya vyuo. Hata hivyo milango haikufungwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaonyesha njia. Kifungu cha 201 kinadai uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Vyuo anuwai vya umma hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na ripoti zake huchapishwa. Tatizo ni kwamba ripoti hizo huonyesha kasma kwa jumla. Haziwezi kumwambia nahodha wa timu ya magongo kwa nini mwaka huu wasichana walicheza na vijiti vya kuazima.

Wasichana ndio kipimo halisi. Ukanda wa ziwa umetoa wachezaji wa magongo wenye sifa: Nyamira Girls ya Siaya na Sinyolo Girls ya Kisumu ni majina yanayojulikana katika michezo ya shule. Msichana wa aina hiyo akimaliza shule na kuingia chuoni, anakuja na kipaji kilichokwisha kugharamiwa na wazazi na walimu wake. Basi likiwa na nafasi za timu moja tu, ni timu gani itakayopanda? Katika vyuo vingi jibu linajulikana kabla ya kikao. Hakuna aliyepitisha azimio la kuwabagua. Ni kwamba kandanda ya wanaume huwekwa kwanza kwenye orodha, na orodha hukatwa kutoka chini. Hesabu ikibandikwa ukutani, timu kwa timu, uamuzi huo wa kimya utalazimika kusema kwa sauti.

Na hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, si kama mwombaji wa nauli bali kama chombo. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Pamoja na hayo, bajeti, stakabadhi, kumbukumbu za vikao na ripoti za ukaguzi katika vyuo huandikwa kwa Kiingereza pekee, na tena Kiingereza cha wahasibu ambacho hata mwanafunzi wa Kiingereza hukikimbia. Kiswahili hakina upungufu hapa. Kuna kasma, makadirio, salio, bakaa, stakabadhi, hawala, zabuni, mkaguzi, deni lililolala. Maneno haya yamo kamusini na baadhi yake yamo sokoni Kibuye, ambako mama muuza samaki huweka hesabu ya omena, gorogoro kwa gorogoro, bila kumwita mtaalamu. Vyama vya Kiswahili hutumia saa nyingi kujadili istilahi za isimu. Istilahi za fedha zinazowahusu wanachama wao zimeachwa zilale.

Pendekezo ni dogo. Chama cha Kiswahili cha kila chuo katika ukanda huu kiiombe kamati ya michezo, kwa barua ya heshima, nakala ya makadirio na matumizi ya muhula. Kikishapewa, kitafsiri ukurasa mmoja na kuubandika kwenye ubao wa matangazo karibu na bwalo, mahali ambapo hata mpishi na bawabu watausoma. Ukurasa huo uonyeshe ni kiasi gani kilitozwa, ni kiasi gani kiliingia, timu ipi ilisafiri wapi na kwa shilingi ngapi, wanaume wangapi na wanawake wangapi, na nini kilibaki.

Wapo watakaosema kwamba kuanika hesabu ni kuwasha moto, kwamba wanafunzi wakiona takwimu watagoma. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Vyuo vya Kenya vimeona moshi. Lakini migomo mingi hulishwa na uvumi, na uvumi ndio unaostawi pale ambapo hakuna ukurasa wa kusoma. Mhasibu mwaminifu, na wapo wengi, ndiye atakayenufaika kwanza: wanafunzi wataona kwa macho yao kwamba nusu ya fedha haikuingia, na watajua mlango wa kubisha uko Nairobi wala si ofisini kwake.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya nyumba. Ni vyama vingapi vya Kiswahili vyenyewe hutoa hesabu ya ada za uanachama, ya michango ya kongamano, ya fulana zilizouzwa? Nyani haoni kundule. Kamati ya michezo ikiombwa daftari na chama ambacho mweka hazina wake hutunza stakabadhi mfukoni mwa suruali, itakuwa na haki ya kucheka. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza kubandikwa kwenye ubao huo, kabla ya ule wa mpira, uwe wa chama chenyewe, uliotiwa sahihi na mwenyekiti, mweka hazina na mlezi, nao uwe tayari kabla ya mkutano mkuu ujao wa wanachama.